Begonia Huuawa na Maji, Si Kiu

Mama mmoja aliniletea begonia yake akiwa ameipakata kama mtoto mwenye homa. Majani yalikuwa yamelegea, shina limelainika karibu na udongo. "Naimwagilia asubuhi na jioni," alisema, "lakini inazidi kunyauka." Nikakigeuza chungu na kuutoa mmea pamoja na udongo wake. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ukiigusa inachunika, na inanuka kama matope ya mtaroni.

Mzizi uliooza haunywi maji hata ukiwa umezama ndani yake. Ndiyo maana mmea uliolewa maji hunyauka sawasawa na wenye kiu, na mwenye mmea, kwa huruma, huuongezea maji mengine.

Ukitaka kuielewa begonia, tazama inakoishi porini. Zipo spishi zaidi ya 2,000 katika misitu ya joto ya Afrika, Asia na Amerika. Hata misitu ya milimani ya Afrika Mashariki inayo ya kwake, Begonia meyeri-johannis, inayotambaa juu ya miti. Nyingi huota kivulini, juu ya majani yaliyooza, miamba yenye kuvumwani au magogo. Huko mvua hunyesha, maji hupita, hewa hubaki. Mizizi yake ni myembamba kama nywele na haiendi chini sana. Inataka unyevu, lakini inataka pia kupumua.

Basi anza na chungu: kiwe na matundu chini na kisiwe kikubwa kupita mmea, kwa sababu udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji muda mrefu. Changanya mboji sehemu mbili, udongo wa bustani sehemu moja na mchanga wa mto sehemu moja. Kabla ya kumwagilia, tumbukiza kidole hadi pingili ya kwanza. Kikitoka na ubichi, ahirisha. Kikitoka kikavu, mwagilia udongo, si majani, mpaka maji yachuruzike chini, kisha umwage yanayobaki kwenye kisahani. Majani yanayolala na maji hukaribisha magonjwa, na pasipo na hewa ya kutosha huzuka ubwiri unga, unaoonekana kama vumbi la sembe. Ukiuona, kata majani yaliyoathirika na utenganishe vyungu vilivyobanana.

Kuhusu mwanga, begonia ya bustani yenye majani yanayong'aa kama yamepakwa nta huvumilia jua kuliko nduguze. Kwenye baridi ya Lushoto au Limuru inaweza kukaa juani nusu siku. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, ipe jua la asubuhi hadi kama saa 3, halafu kivuli cha kibaraza. Kingo za majani zikiungua, jua limezidi; shina likirefuka na maua yakiadimika, mwanga ni mdogo. Mbolea yenye naitrojeni nyingi nayo huleta majani tele na maua machache.

Maua yakidondoka usishtuke kabla hujayachungulia. Mmea mmoja hubeba maua dume na maua jike. Geuza ua: jike lina kifuko chenye mbawa tatu nyuma ya petali, dume halina. Madume huanguka mapema baada ya kufunguka, na huo si ugonjwa.

Ile begonia ya mama haikuokoka yote. Nilikata ncha mbili ngumu, kila moja chini kidogo ya fundo, nikaondoa majani ya chini na maua, nikazipanda kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Zilipochipua majani mapya nilimpa chungu kimoja. Akauliza aimwagilie mara ngapi kwa siku. Nikamwonyesha kidole changu.