Sarah, mama aliyekataa kumficha mwanaye

Wapo wazazi ambao ada ikiwa ndogo, mtoto mwenye ulemavu ndiye wa kwanza kubakishwa nyumbani. Mama mmoja wa Marekani alifanya kinyume, na taifa lake likafaidika.

Sarah Stevens aliishi Danville, jimbo la Vermont. Mwaka 1792 alimzaa Thaddeus, akiwa na mguu kifundo. Kaka yake mkubwa alizaliwa na tatizo hilohilo kwenye miguu yote miwili. Baba yao, mkulima na fundi viatu, aliiacha familia, na Sarah akabaki na watoto wanne wa kiume.

Aliona kwamba Thaddeus hawezi jembe, lakini kichwa chake ni chepesi. Akahamisha familia kwenda Peacham, kulikokuwa na shule nzuri. Ukubwani, Thaddeus alisimulia jinsi mama yake alivyofanya kazi usiku na mchana ili yeye asome.

Alihitimu Chuo cha Dartmouth mwaka 1814, akawa mwanasheria Pennsylvania, na mwaka 1833 akachaguliwa kuingia katika bunge la jimbo hilo. Mwaka uliofuata jimbo lilipitisha sheria ya shule za bure kwa watoto wote. Wananchi wengi walikasirikia kodi yake, na mwaka 1835 wabunge walikuwa karibu kuifuta. Stevens alisimama kuwatetea watoto wa maskini, na hotuba yake ikawageuza wenzake. Sheria ikabaki.

Baadaye, akiwa katika Bunge la Marekani, alikuwa mstari wa mbele kupigania marekebisho ya Katiba yaliyokomesha utumwa mwaka 1865, kisha yale yaliyowapa watu weusi uraia. Hakuwa malaika: ulimi wake ulikuwa mkali, na aliwahi kupenda kamari. Lakini kwa wanyonge hakuyumba. Alipofariki mwaka 1868, alizikwa Lancaster katika makaburi aliyoyachagua mwenyewe, kwa sababu hayakubagua watu kwa rangi.

Na mama yake? Thaddeus alipopata uwezo alimnunulia shamba na ng'ombe wa maziwa. Katika wosia wake aliacha fedha za kutunza kaburi la mama huyo na kupanda mawaridi hapo kila mwaka.

Mzazi mwenzangu, si kila mtoto atakuwa mbunge, na Sarah hakuwa na hakika hiyo alipofunga mizigo kwenda Peacham. Alijua tu kwamba mguu si akili. Leo tuna nafuu asiyokuwa nayo yeye: mguu kifundo hurekebishwa kwa plasta zinazobadilishwa mara kwa mara, na huwa rahisi zaidi mtoto akiwa bado mchanga. Ukimwona mwanao ana tatizo hilo, mpeleke hospitali mapema. Na umri wa shule ukifika, mwandikishe pamoja na wenzake.