Klachi inayolia: Tambua kasoro kabla ya kuvuka Ruvuma

Wasafirishaji wanaopeleka mizigo kutoka Mtwara kwenda Palma na Mocímboa da Praia wanajua kuwa barabara za mchanga humaliza klachi mapema. Kwa kawaida klachi haifi ghafla. Huanza kwa kulia, na dereva anayesikiliza hupata muda wa kutengeneza gari akiwa bado karibu na gereji.

Kukwama upande wa Cabo Delgado si hasara ya mzigo pekee. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, kuna nyakati ambapo magari yamelazimika kusafiri kwa misafara yenye ulinzi wa kijeshi. Gari bovu huchelewesha wenzake au huachwa nyuma. Aidha, kibali cha gari la kigeni kina tarehe ya mwisho.

Sikiliza hivi

Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, kisha fuata hatua hizi:

1. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara kadhaa. Ikilia, kasoro iko kwenye ekseli ya pedeli, springi, bushi au kebo. Safisha mchanga, paka grisi. Kazi hii haihitaji kushusha giaboksi.

2. Washa injini, gia iwe huru, na usikanyage pedeli. Ukisikia mvumo unaokoma ukikanyaga hadi chini, shuku beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Angalia kiwango cha oili ya giaboksi mara moja. Kama ni mlio mwembamba unaokatika kwa kugusa pedeli kidogo tu, huenda ni beringi ya klachi au foku yake imelegea.

3. Kanyaga taratibu. Sauti ikianza pedeli inapobeba uzito na kuongezeka kadiri unavyokanyaga, beringi ya klachi imekwisha.

4. Kanyaga hadi mwisho na uingize gia huku gari limesimama. Sauti ikitokea hapo tu, angalia beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, kwa magari yenye nayo.

5. Gari likitetemeka au kukwaruza wakati wa kuondoka, na kuna harufu ya kuungua, diski imeisha hadi kwenye ripiti au imelowa oili.

Matengenezo

Kasoro za namba 2 hadi 5 kwa kawaida humlazimu fundi kushusha giaboksi. Kwa kuwa gharama kubwa ni ya kushusha, usibadilishe beringi peke yake. Badilisha diski, presha pleti na beringi kwa pamoja, na flaiwili ikaguliwe kama ina nyufa au alama za kuungua. Grisi ipakwe kidogo tu kwenye meno ya shafti na pale foku inapoegemea.

Jihadhari na fundi wa njiani anayemimina oili kupitia tundu la foku ili kuzima kelele. Oili ikifika kwenye diski klachi huteleza, na gari lenye mzigo halitapanda hata kilima kidogo. Vilevile beringi mpya isioshwe kwa petroli wala mafuta ya taa, kwani grisi iliyofungiwa ndani itatoka.

Unapotafuta spea Msumbiji, kumbuka kuwa klachi huitwa embraiagem, beringi ni rolamento, na giaboksi ni caixa de velocidades. Nenda na kifaa cha zamani ili ulinganishe upana wa diski na idadi ya meno. Ukinunua Mtwara na kuvuka nazo, beba risiti.

Kinga

Mguu usikae juu ya pedeli unapoendesha. Kwenye foleni ya kivuko au kizuizi, toa gia na uachie pedeli. Ukiingia mchanga mzito, punguza upepo wa matairi na utumie gia nzito kama gari lina foo wili. Usicheze na nusu klachi. Likinasa, chimba mchanga au punguza mzigo. Dakika 20 za koleo ni nafuu kuliko seti mpya ya klachi.

Fanya vipimo hivi siku moja kabla ya safari, si asubuhi ya kuondoka. Ukisikia sauti yoyote kati ya hizi, tengeneza kwanza, ndipo upakie.