Trikomonasi, kidudu chenye kunyamaza

Mu masomo ya biolojia tumekwisha kusikia juu ya amiba na juu ya kidudu cha malaria. Leo tuseme juu ya kingine chenye watu wanaona haya kukitaja. Jina lake ni trikomonasi. Kinapita toka kwa mutu mumoja mpaka kwa mwingine wakati wanalala pamoja kama bwana na bibi, wakiwa wameoana ao hapana. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilikadirisha kama mu mwaka 2020 ugonjwa huu uliingia kwa watu mara milioni 156, kuhesabu wale wa miaka 15 mpaka 49 tu. Kisonono na kaswende, zenye kutajwa kila siku, ziko nyuma yake mbali.

Mutu wa kwanza wa kukiandika ni Alfred Donné, munganga wa Paris, mu mwaka 1836. Alitwaa majimaji ya wanawake wagonjwa, akayatia chini ya mikroskopi, akaona kitu kinatembea. Ni kidudu cha seli moja tu. Mbele kina mikia mine myembamba, na ya tano inalala kwa ubavu, inatikisika sawa mawimbi. Urefu wake ni mikroni 10 hivi, ni kusema ukipanga 100 mustari mumoja, vinafika milimita 1.

Basi, kisha kukiona, wanganga walifanya nini? Karibu bure. Kwa miaka mingi, mpaka mu karne ya 20, wengi walikihesabu kuwa mugeni asiye na ubaya.

Walikizarau kwa sababu kinajua kunyamaza. Mwanamuke anaweza kutoka majimaji ya manjano ao ya kijani, yenye povu na harufu mbaya, na kuwashwa, na kusikia maumivu akikojoa. Lakini wagonjwa walio wengi hawasikii kitu, zaidi sana wanaume. Na hapa ndipo fujo inaingia mu nyumba. Mama anakwenda kwenye dispensari, anapewa dawa, anapona. Baba anasema: "Mimi siko mugonjwa," hanywi kitu. Kisha siku kidogo mama anaupata tena, na jamaa yote wanasema ni yeye anatembea inje. Labo haiwezi kusema nani aliuleta. Kidudu kinaweza kukaa kimya mu mwili miezi mingi. Mutu asiyesikia maumivu hana ushuhuda wowote kama yeye iko safi.

Jambo lingine: amiba ina ganda la kuilinda inje, trikomonasi haina. Ikikauka, inakufa. Kwa hiyo ile hadisi ya "niliupata mu choo" haina nguvu sana.

Utafiti mumoja mukubwa ulifanyika hapa kwetu, mu Kinshasa, wakati inchi ilikuwa ingali Zaire. Wanganga wa Projet SIDA, kazi iliyoanza mu 1984, walifuata wanawake 431 wenye kuishi kwa kuuza mwili, ambao mwanzoni hawakuwa na kirusi cha sida. Waliwapima kwa muda wa miaka mbili hivi. Matokeo yalitangazwa mu 1993: wenye trikomonasi waliambukizwa kirusi cha sida karibu mara mbili kuliko wasio nayo. Si kusema kama trikomonasi inazaa sida, hapana. Inakwaruza ngozi laini ya ndani, na seli nyeupe za damu zinakimbilia pale kupigana. Na ni zile seli zenyewe kirusi cha sida kinazitafuta. Ni sawa na kumufungulia mwizi mulango, halafu kumuonyesha na sanduku.

Dawa iko. Inaitwa metronidazoli, wengi tunaijua kwa jina la Flagyl, ni ileile ya amiba. Wafaransa waliitengeneza mu miaka ya 1950. Namna inavyofanya kazi inapendeza kujua. Seli zetu zinapata nguvu kwa njia ya mitokondria. Trikomonasi haina mitokondria. Pahali pake ina vifuko vidogo vyenye kutoa gazi ya hidrojeni, vilivyotambuliwa mu 1973 kwa ndugu yake anayesumbua ngombe. Dawa ikiingia mu kidudu, kinaigeuza chenyewe kuwa sumu. Kinajipikia chakula cha kifo chake!

Zamani walikuwa wanamupa kila mutu gramu 2 mara moja, basi. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mu 2018 ulionyesha kama kwa wanawake hiyo haitoshi: kisha mwezi, 19 kwa mia walikuwa nacho tena, lakini kati ya waliokunywa miligramu 500 mara mbili kwa siku, siku 7, walikuwa 11 tu kwa mia. Kwa hiyo munganga akikupa dawa ya juma zima, usiache siku ya tatu juu umesikia nafuu. Bwana naye anywe yake wakati uleule, na wasilale pamoja mpaka wote wawili wamalize.

Na labo ikisema "hakuna kitu", uulize waliangalia saa ngapi. Majimaji yakikaa na kupoa, kidudu kinaacha kutembea, na mbele ya mikroskopi kinafanana na seli nyeupe ya damu. Ndiyo maana mikroskopi peke yake inakipoteza kwa wagonjwa wengi.