Moto wa Chernobyl na Watu Wanaouzima

Katikati ya mwezi wa Aprili 2020, wakazi wa Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, ambao tayari walikuwa wamejifungia majumbani kwa kuhofia maradhi ya korona, walilazimika kufunga na madirisha pia, kwa kuwa moshi mzito ulikuwa umeushukia mji wao hata ukatajwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Sehemu ya moshi huo ilitoka kaskazini, mwendo wa kilomita zipatazo 100, katika misitu inayokizunguka kituo cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl. Na jina hilo linapotajwa pamoja na moto, ni nadra kumpata mtu asiyeshtuka.

Yaliyotokea huko tarehe 26 Aprili 1986 yanajulikana, nami sitayarefusha. Kinu cha nne kililipuka, kikawaka kwa muda wa siku kumi hivi, na raia wa mji jirani wa Pripyat, wapatao 49,000, wakapakiwa katika mabasi siku ya pili yake wakiambiwa wachukue mahitaji ya siku tatu tu. Hawakurudi. Ardhi ya umbali wa kilomita 30 kila upande ikatengwa, ikabaki na sumu ya namna nyingi: aidini yenye mionzi, ambayo hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya siku nane na hivyo ilikwisha mapema, sesiamu na strontiamu, ambazo huhitaji miaka ipatayo 30 kufikia nusu hiyo, na plutoniamu, ambayo muda wake ni miaka 24,000. Misonobari iliyokuwa karibu kabisa na kinu ilikufa kwa mionzi, majani yake yakageuka rangi ya kutu, na mahali hapo pakaitwa Msitu Mwekundu. Makatapila yakaiangusha miti hiyo na kuifukia katika mahandaki, kisha misonobari mingine ikapandwa juu ya makaburi ya ile ya kwanza.

Hapa ndipo penye jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Mti haujui tofauti ya chakula na sumu: mizizi huivuta sesiamu ikidhani ni potasiamu, na strontiamu ikidhani ni kalsiamu, ikavipandisha vyote hadi kwenye shina, matawi na majani, majani huanguka, huoza, na kile kilichomo hurudi udongoni kikanyonywa tena. Kwa mzunguko huo msitu umekuwa ghala la sumu, na ghala zuri kwa kweli, maana mizizi huushika udongo usipeperushwe na upepo wala usichukuliwe na mvua hadi mto Pripyat, ambao huumwagia maji yake mto Dnieper unaopita Kyiv. Walakini ghala hilo halina bawabu. Wakulima waliokuwa wakilima na kulisha ng'ombe waliondoka, mashamba yao yakawa nyika ya majani marefu, na misonobari, ambayo katika msitu wowote mwingine ingepunguzwa na kupogolewa, iliachwa isongamane na kufia pale pale.

Fauka ya hayo, yako mashaka kwamba hata kuoza kwenyewe hakwendi sawasawa. Wanasayansi Timothy Mousseau na Anders Møller, pamoja na wenzao, walijaza majani makavu katika mamia ya mifuko midogo ya wavu, baadhi yake wakaitia soksi nyembamba za kike ili wadudu wasipenye, wakaisambaza mahali penye mionzi mingi na mahali penye michache, kisha baada ya miezi kadhaa wakaipima. Katika habari waliyoichapisha mwaka 2014 walieleza kwamba palipokuwa na mionzi mikali zaidi majani yalioza kwa upungufu wa kiasi cha asilimia 40. Wako wataalamu wanaobishana na wawili hao juu ya mengi waliyoyaandika kuhusu Chernobyl, lakini ikiwa katika hili wamesema kweli, basi kuni za moto ujao zinajirundika zenyewe chini ya miti.

Na moto haukosekani. Uliwaka kwa ukubwa mwaka 1992, ukawaka mara mbili mwaka 2015, ukaingia Msitu Mwekundu mwaka 2016, na ule wa 2020 ukafika karibu sana na kituo chenyewe. Polisi walimkamata kijana wa miaka 27 ambaye alikiri kuwa alitia moto majani makavu kwa kujifurahisha, na bunge la nchi hiyo likaizidisha faini ya kosa hilo mara nyingi. Desturi ya kuchoma majani wakati wa kiangazi haihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Tabora au Kitui. Huko Ukraine huchomwa majira ya kuchipua, theluji ikiisha kuyeyuka na majani ya mwaka jana yakiwa yamelala makavu.

Sasa moto huifanya nini sumu hiyo? Hauiteketezi, kwa kuwa hakuna moto wa msitu uwezao kuiua sesiamu, huihamisha tu. Sehemu yake hupanda na moshi ikishikamana na chembe za masizi, na sehemu kubwa hubaki katika majivu. Mwanzoni mwa moto wa 2020, Yegor Firsov, aliyekuwa akikaimu ukuu wa ukaguzi wa mazingira nchini humo, alionyesha kipima mionzi kikisoma 2.3 penye moto, ambapo kawaida ni 0.14, na ulimwengu ukahamanika. Hesabu hiyo ni ya maikrosiveti kwa saa, na abiria wa ndege irukayo juu sana kuvuka bahari hupata kiasi kama hicho au zaidi, naye analetewa chai. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitamka mwezi ule ule kwamba mioto hiyo haikuongeza mionzi hewani kwa kiasi cha kudhuru. Kwa mkazi wa Kyiv, basi, kilichostahili kuogopwa zaidi ni moshi wenyewe, ambao huharibu mapafu hata ukitoka katika msitu usio na sumu yoyote.

Lakini taharuki ile iliyaelekeza macho ya watu mahali pasipo penyewe. Aliyestahili kuhangaikiwa alikuwa askari wa zimamoto, mmoja wa mamia waliosimama ukingoni mwa moto wakichimba na kumwaga maji, huku tingatinga likilima mstari wa kuuzuia moto na kutimua vumbi la udongo ule ule uliotulizwa tangu 1986. Kipima kinachoning'inia kifuani mwake husoma mionzi inayompiga kwa nje. Hakisomi chembe ya plutoniamu iliyoingia na pumzi ikatua pafuni, na plutoniamu ni sumu ambayo nje ya mwili hufanya kidogo mno ila ndani hufanya kazi yake maisha yote. Barakoa nzuri humkinga, lakini kupumua ndani yake kwa saa nyingi, mbele ya joto la moto, ni mateso. Sergiy Zibtsev, mwalimu wa elimu ya misitu huko Kyiv, ametumia miaka mingi akihimiza minara ya kuangalizia moto, njia zilizosafishwa na vikosi vya kutosha, kwa maana moto uliowahiwa ungali mdogo huzimwa na watu wachache kwa muda mchache.

Vita vimeizidisha taabu hiyo. Majeshi ya Urusi yalikishika kituo tarehe 24 Februari 2022, yakachimba mahandaki katika udongo wa Msitu Mwekundu, yakaondoka mwishoni mwa Machi. Na mabomu yaliyotegwa ardhini yamebaki nyuma, hata zipo sehemu ambazo gari la zimamoto haliwezi kuingia. Wala balaa hili la moto penye mionzi si la Ukraine peke yake: mwaka 2017 moto uliwaka siku kadhaa katika milima ya Namie, Fukushima, nchini Japani, ndani ya eneo lililohamwa na watu kwa sababu ya mionzi.

Majira ya kuchipua yatarejea tena Chernobyl, na habari za moto zitaletwa tena zikiwa na ramani za upepo na mishale inayoelekea Ulaya. Msomaji na azitazame ramani hizo apendapo. Lakini swali la kuwauliza wenye mamlaka ni nani aliyetumwa kuuzima moto huo, amepewa barakoa ya namna gani, na je, baada ya kazi yupo mtu atakayempima kilichoingia ndani ya mwili wake.