Mizinga Haikuivunja, Maji Yaila

Utotoni, tukitoka chuoni jioni, tulikuwa tukienda kuoga pwani chini ya Ngome ya Yesu, hapa Mombasa. Bamvua likijaa, maji yakingurumo mapangoni mwa jabali, nasi tukidhani ni mizinga ya Wareno. Kumbe ni bahari inakula!

Wareno waliijenga ngome hiyo tangu 1593 hadi 1596, juu ya jabali la matumbawe. Waomani waliizingira miezi 33, wakaitwaa Desemba 1698, maradhi yakiwa yamekwisha kuwamaliza waliokuwamo. Kuta zenyewe zilisimama. Lakini tumbawe ni jiwe laini: wimbi la kusi hulichimba tumboni, juu pakabaki kama dari isiyo nguzo.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 Serikali ilijenga ukuta wa kulikinga. Nilipokwenda kuutazama, nilikuta mahali petu pa kuogea pamefunikwa. Wallahi sikuudhika, ukuta ulihitajiwa. Ila wimbi likizuiwa hapa huchepuka likapiga ubavuni, na ubavuni ndiko uliko Mji wa Kale, na nyumba zetu na misikiti yetu. Bamvua lililopita nilisimama pale ukuta unapokoma. Maji yalinifika magotini.