Kishikwambi Mezani pa Mwalimu: Jinsi Kifaa Kidogo Kinavyoweza Kubeba Kazi za Kompyuta Manyoni

Agosti 23, 2022, Tanzania ilianza kuhesabu watu wake kwa njia ambayo haikuwahi kutumika nchini. Makarani wa Sensa ya Sita ya Watu na Makazi walipita kaya kwa kaya wakiwa na vishikwambi mikononi, badala ya madodoso ya karatasi yaliyotumika katika sensa zilizotangulia tangu ile ya mwaka 1967. Oktoba 31 mwaka huohuo, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa Tanzania ina watu 61,741,120.

Kazi ya sensa ilipokwisha, vifaa hivyo havikuachwa ghalani. Serikali ilielekeza vigawiwe walimu wa shule za umma ili viwasaidie katika ufundishaji na ujifunzaji. Kwa mwalimu wa Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, asiye na kompyuta mpakato yake mwenyewe, swali linalobaki ni moja: je, kifaa hiki kidogo kinaweza kufanya kazi za kila siku ambazo kwa kawaida hupelekwa kwenye kompyuta? Jibu ni ndiyo kwa sehemu kubwa, mradi kiandaliwe kwa kazi hiyo na mtumiaji aujue mpaka wa uwezo wake.

Gharama ya safari ya kwenda kuchapa

Mji wa Manyoni uko kwenye Reli ya Kati na katika barabara kuu itokayo Dodoma kuelekea Singida. Huduma za kuchapa na kutoa nakala hupatikana mjini kwa urahisi. Hali ni tofauti kwa shule zilizo katika kata za mbali na mji, zikiwemo Sanza, Nkonko na Heka. Mwalimu wa huko anayetaka mtihani wa muhula uchapwe hulazimika kusafiri, kulipa nauli, kulipia kila ukurasa na kusubiri zamu yake katika duka la steshenari.

Safari hiyo ina gharama tatu. Ya kwanza ni fedha. Ya pili ni saa za vipindi zinazopotea mwalimu anapokuwa njiani. Ya tatu, ambayo mara nyingi haihesabiwi, ni siri: maswali ambayo wanafunzi watayaona wiki ijayo hupita mikononi mwa mchapaji na hubaki katika kompyuta asiyoimiliki mwalimu wala shule. Mwalimu anayeandika mtihani mwenyewe katika kishikwambi huipunguza gharama ya kwanza na ya pili, na huanza kuidhibiti ya tatu.

Kukiandaa kifaa kwa kazi ya kuandika

Kishikwambi kilitengenezwa kwanza kwa kusoma na kugusa. Kuandika kurasa tano kwa kidole juu ya kioo huchosha, na kibodi inayojitokeza kwenye skrini hufunika karibu nusu ya ukurasa. Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza cha kuongeza ni kibodi ya nje. Zipo za aina mbili: inayounganishwa kwa bluetooth, na ya kawaida ya kompyuta inayochomekwa kwa waya kupitia kigeuzi kidogo kiitwacho OTG. Kibodi ya waya ina faida ya kutohitaji betri yake yenyewe, na kigeuzi hichohicho hupokea pia kipanya na flashi, ilimradi kishikwambi chenyewe kikubali OTG. Jambo hilo hujaribiwa kwa kuchomeka flashi kabla ya kununua kibodi.

Hatua ya pili ni programu za ofisi. Kampuni ya Microsoft huruhusu watu binafsi kuandika na kuhariri bila malipo kwa programu zake za Word na Excel katika vifaa ambavyo skrini yake haizidi inchi 10.1. Udogo wa kishikwambi, ambao huonekana kuwa kasoro, hapa huwa nafuu. Programu za Google za kuandika na za majedwali nazo hazilipiwi, na huweza kuwekwa zifanye kazi bila intaneti, kisha zikatuma mabadiliko pindi mtandao unapopatikana. Kwa shule ambayo mtandao wake hupatikana kwa kubahatisha, mpangilio huo wa kufanya kazi nje ya mtandao uwekwe mapema, mwalimu angali na mtandao mzuri.

Hatua ya tatu ni kupunguza mzigo. Wauzaji hutaja namba mbili ambazo wengi huzichanganya. RAM ni kumbukumbu ya utendaji, mfano wa meza ya kazi. Hifadhi ni mfano wa kabati. Kifaa chenye kabati kubwa na meza ndogo bado kitakwama mtu akifungua programu nyingi kwa pamoja. Kishikwambi cha bei nafuu hufanya kazi vizuri kinapofunguliwa programu moja au mbili kwa wakati, na michezo na video zisizohusiana na kazi zinapoondolewa.

Alama 360 katika jedwali moja

Faida ya kishikwambi huonekana zaidi wakati wa kuandaa matokeo. Darasa la wanafunzi 60 wanaosoma masomo sita lina alama 360. Kwa kikokotoo na karatasi, mwalimu hujumlisha mara 60, hugawanya mara 60, kisha hutafuta nafasi ya kila mwanafunzi. Kosa moja la kujumlisha linaweza kubadilisha nafasi za wanafunzi kadhaa, na mzazi hupokea taarifa isiyo sahihi kuhusu mtoto wake.

Katika jedwali la kishikwambi, namba za wanafunzi huwekwa safu ya A, majina safu ya B, na alama za masomo safu ya C hadi H, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 61. Katika safu ya I huandikwa kanuni ya wastani, =AVERAGE(C2:H2), na katika safu ya J kanuni ya nafasi, =RANK(I2,I$2:I$61). Kanuni hizo hunakiliwa hadi mstari wa mwisho, na hesabu yote hukamilika papo hapo. Alama ikisahihishwa, wastani na nafasi hujirekebisha.

Lipo jambo moja la kuangaliwa. Kanuni ya wastani huiruka nafasi iliyoachwa wazi, lakini huihesabu sifuri. Mwanafunzi aliyekosa mtihani mmoja kwa ugonjwa, nafasi yake ikiachwa wazi, wastani wake utatokana na masomo matano. Ikiandikwa 0, utagawanywa kwa sita na kushuka. Shule inapaswa kukubaliana utaratibu mmoja kabla ya kuingiza alama, ili watoto wote wapimwe kwa kipimo kimoja.

Kulinda siri ya mtihani na taarifa za mwanafunzi

Mtihani ulioandikwa katika kishikwambi bado unahitaji kuchapwa kwenye karatasi. Kabla ya kuupeleka kwenye mashine ya kuchapa, inafaa kuuhifadhi katika muundo wa PDF, ambao hauhamishi mistari, namba wala michoro hati inapofunguliwa katika kifaa kingine. Iwapo shule au ofisi ya jirani ya Serikali ina mashine ya kuchapa, ndiyo ya kutumiwa kwanza. Ikilazimu kwenda steshenari, mwalimu asimame hapo hadi kazi iishe, ahakikishe hati imefutwa katika kompyuta husika, pamoja na katika kapu la takataka, na aondoke na kurasa zote zilizoharibika.

Matokeo ya wanafunzi nayo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya na kutunza taarifa za watu azilinde dhidi ya kupotea na kufikiwa na wasiohusika. Kwa mwalimu, wajibu huo huanzia katika nywila ya kufungulia kishikwambi. Vifaa vilivyotoka kiwandani na Android 10 au toleo la baadaye hufumba yaliyomo katika hifadhi yake ya ndani, hivyo mwizi asiye na nywila hawezi kuyasoma kwa urahisi. Kadi ya kumbukumbu kwa kawaida haina kinga hiyo: huchomolewa na kusomwa katika simu yoyote. Mitihani na matokeo, kwa hiyo, yakae katika hifadhi ya ndani.

Aidha, kishikwambi cha kazi si cha kumkabidhi mtoto nyumbani achezee. Kama hakuna budi, kifaa kinachoruhusu zaidi ya mtumiaji mmoja kifunguliwe ukurasa wa pili usiofika kwenye hati za shule.

Nakala ya pili kabla ya ajali

Kifaa kinachobebwa kwenye pikipiki au ndani ya mkoba wa vitabu kitaanguka siku moja. Kikivunjika wiki ya kufunga shule, na alama zote 360 zikiwa humo pekee, mwalimu atalazimika kurudia kazi kutoka kwenye madaftari, au wazazi watasubiri. Utaratibu salama ni kuwa na nakala mbili nje ya kishikwambi: moja katika flashi inayofungiwa kabatini ofisini, na nyingine katika hifadhi ya mtandaoni.

Hofu ya gharama ya bando isizuie nakala ya mtandaoni. Hati ya maandishi matupu ya kurasa chache huwa na ukubwa mdogo sana kuliko picha moja iliyopigwa kwa kamera ya simu. Kinachomaliza bando ni video, picha na programu zinazojisasisha zenyewe. Kifaa kikipangwa kisasishe programu kwa mtandao wa Wi-Fi pekee, bando dogo hutosha kutuma hati za muhula mzima.

Umeme, joto na vumbi

Katika suala la umeme, kishikwambi kina nafuu kubwa. Betri yenye ujazo wa mAh 5,000 hubeba takribani wati-saa 18.5, ilhali kompyuta mpakato nyingi hubeba wati-saa 40 au zaidi na huhitaji chaja ya wati 45 hadi 65. Kishikwambi kidogo huchajiwa kwa wati 10 tu, kiwango ambacho mfumo mdogo wa umemejua wa nyumbani unaweza kukimudu. Umeme ukikatika mchana, kazi huendelea.

Adui wa betri ni joto. Manyoni ni eneo la ukame, na vyumba vilivyoezekwa kwa bati bila dari hupata joto kali mchana. Kifaa kisiachwe dirishani, juu ya dashibodi ya gari wala chini ya mto kikiwa kwenye chaji. Kikihisiwa kuwa cha moto, kichomolewe na kiachwe kipoe. Wakati wa likizo ndefu, ni vyema kikazimwa na kuhifadhiwa kikiwa na chaji ya karibu nusu, kwa kuwa betri iliyoachwa tupu kwa miezi huweza kufa kabisa. Ganda lenye kifuniko huzuia vumbi, na tundu la chaji lisafishwe kwa brashi laini kifaa kikiwa kimezimwa.

Mahali ambapo kompyuta bado inahitajika

Kishikwambi hakichukui nafasi ya kompyuta katika kila jambo. Majedwali yenye amri za kujiendesha, zijulikanazo kama makro, hayafanyi kazi katika programu za Excel za Android. Hati ndefu zenye michoro mingi na majedwali mapana hukamilishwa kwa haraka zaidi kwenye skrini kubwa. Kwa mifumo ya Serikali inayofunguliwa kwa kivinjari, ukiwemo mfumo wa ESS ambamo mtumishi wa umma huomba likizo na uhamisho, mtumiaji anayekuta kurasa zimebanana huweza kuchagua katika kivinjari chake mwonekano wa kompyuta. Hilo likishindikana, kazi hiyo isubiri kompyuta ya ofisi.

Mpaka mwingine ni umri. Vifaa vya bei nafuu hupokea masasisho ya usalama kwa miaka michache tu, na vile vilivyotumika katika sensa vinaendelea kuzeeka. Tarehe ya sasisho la mwisho huonekana katika sehemu ya mipangilio inayoeleza habari za kifaa. Kishikwambi kilichoacha kupokea masasisho kinaweza kuendelea kutumika kuandika na kusoma, vikiwemo vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini hakifai kwa miamala ya fedha.

Kishikwambi cha shule ni mali ya umma kama lilivyo dawati. Walimu wakuu na maafisa elimu kata wanashauriwa kuhakikisha kila kifaa kimeandikwa katika rejista ya mali, kinakaguliwa kila muhula, na kinakabidhiwa kwa maandishi mwalimu anapohama. Kwa upande wao, walimu wanaojua kutengeneza jedwali la matokeo wanaweza kuwafundisha wenzao katika vikao vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, vinavyofanyika shuleni. Saa moja ya mafunzo hayo yaweza kumwondolea mwenzao safari ya kwenda Manyoni mjini, na wanafunzi wakampata mwalimu wao darasani siku hiyo.