Njia ya Miguu Inapofungwa: Viwanja, Makazi na Usalama katika Miji ya Mpakani



Miongoni mwa mashauri yanayoletwa kwenye meza za ofisi zetu za mahusiano ya jamii, yako mengi ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayafanani na uhalifu hata kidogo. Mtu huja akisema kwamba jirani yake amejenga ukuta katikati ya njia ambayo ukoo wao umeipita tangu enzi za babu. Mwingine huja akilalamika kwamba kiwanja kilicho mkabala na nyumba yake, alichohakikishiwa kuwa ni cha makazi, kimegeuka kuwa maegesho ya malori, na watoto hawapati usingizi kwa ngurumo za injini. Wote wawili hutaka askari aende mara moja akatie watu pingu. Na wote wawili huondoka na masikitiko wanapoelezwa kwamba pingu si dawa ya maradhi hayo. Tumeona ni vyema tueleze hapa jinsi matumizi ya ardhi ya mji yanavyobadilishwa kisheria, jinsi njia za waenda kwa miguu zinavyopaswa kupangwa, na mahali ambapo kazi ya polisi huanzia na kukomea.

Tuanze na umbo la mji wenyewe. Malaba hutenganishwa na mwenzake wa Kenya na mto. Busia haina mto wa namna hiyo katikati yake. Mpaka hupita juu ya nchi kavu, na mtu aliyeketi barazani upande huu aweza kuona moshi wa jiko la jamaa yake upande ule. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, na misiba, harusi na gulio huvuka mpaka pamoja nao. Papo hapo, mji huu mdogo umepasuliwa na barabara kuu ipitishayo malori yatokayo Mombasa na Nairobi kwenda Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili tarehe 24 Februari 2018, na tangu hapo gari hukaguliwa upande mmoja tu badala ya pande mbili. Hilo limewafaa wenye malori. Lakini mama mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni hahitaji tu ukaguzi wa haraka. Anahitaji mahali pa kukanyaga asigongwe.

Mji unapokua, mashamba hukatwa viwanja, na mpima ardhi huchora mistari iliyonyooka. Njia za miguu hazikunyooka kamwe. Zilifuata kisima, kanisa, msikiti, shule na mti wa kivuli. Kwa hiyo ramani mpya inapolazwa juu ya mji wa kale, njia nyingi hutoweka kwenye karatasi, ingawa nyayo za watu bado zipo ardhini. Mnunuzi wa kiwanja huonyeshwa karatasi, naye hujenga ukuta wake kwa nia njema kabisa.

Tumejifunza jambo moja katika doria zetu: njia ikifungwa, watu hawaachi kutembea. Huhamia kwingine. Wengine huingia barabara kuu wakapenya baina ya malori yaliyosimama, mahali ambapo dereva hawezi kuwaona. Wengine huzunguka nyuma ya maghala, penye giza, pasipo na mlango wala dirisha linalotazama nje. Kundi la kwanza hutuletea kesi za ajali, la pili kesi za unyang'anyi na za kudhalilishwa kwa wanawake na wasichana. Hakuna hata moja kati ya kesi hizo itakayoandikwa kwenye kitabu chetu kwamba chanzo chake ni ukuta, lakini mara nyingi ndivyo ilivyo.

Je, nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba mahali hapa ni pa makazi na pale ni pa maghala? Nchini Uganda, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2010, iliyorekebishwa mwaka 2020, iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Maana yake ni kwamba hata aliye pembezoni kabisa mwa mji hawezi kusema shamba lake haliko chini ya sheria hiyo. Manispaa na halmashauri za miji zina kamati za mipango, nazo ndizo hutoa kibali cha kuendeleza kiwanja. Watu wengi hudhani kibali ni cha kujenga tu. Sivyo. Kuligeuza kwa kiasi kikubwa tumizi la ardhi, kwa mfano kuifanya nyumba ya kuishi kuwa bohari ya saruji au uwanja kuwa maegesho ya malori, nako kunahitaji kibali, hata kama hakuna tofali jipya lililowekwa.

Mpango wa mji unapoandaliwa au kubadilishwa, rasimu yake hutakiwa kuwekwa wazi ili wananchi waione na kutoa pingamizi kwa muda uliotajwa kwenye tangazo. Aliyenyimwa haki na kamati ya chini aweza kukata rufaa kwa kamati ya juu, kisha kwa Bodi ya Taifa ya mipango hiyo, na hatimaye mahakamani. Utaratibu ni mzuri. Udhaifu wake, kwa maoni yetu, ni kwamba tangazo hubandikwa ubaoni kwa Kiingereza, na wanaoathirika zaidi ni watu ambao hawana shughuli ya kupita mbele ya ubao huo. Tunawaomba wenyeviti wa vijiji wayasome matangazo hayo kwa sauti katika mikutano, kwa Kisamia, Kiteso, Kiswahili au lugha yoyote inayoeleweka hapo. Pingamizi la maandishi lililofika mapema, likiwa na majina na sahihi za watu 10 wanaoitumia njia, lina uzito kuliko kelele za watu 100 baada ya msingi kumwagwa.

Sasa tuingie kwenye njia zenyewe, maana hapa ndipo penye utata mwingi. Njia zote si sawa mbele ya sheria. Ipo njia iliyochorwa katika mpango uliopitishwa: hiyo ni ya umma, na anayeijengea ukuta anaweza kuamriwa na mamlaka ya mji auvunje. Ipo njia iliyoandikwa katika hati ya kiwanja, au iliyowekwa kwa makubaliano ya maandishi au amri ya mahakama: hiyo huendelea hata kiwanja kikiuzwa. Na ipo njia ya ujirani mwema, ambayo mzee fulani aliwaruhusu watu wapite shambani mwake bila karatasi yoyote. Hii ya tatu ndiyo iliyo nyingi kuliko zote katika miji yetu, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mzee akifa, warithi huuza. Aliyenunua hamjui yeyote kati ya wapitao.

Ndiyo maana tunahimiza kwamba ruhusa ya namna hiyo iandikwe wakati mwenye ardhi angali hai na mambo yangali matulivu. Karatasi itaje njia inaanzia wapi na kuishia wapi, na upana wake. Kipimo chepesi ni watu wawili wenye mizigo kichwani wapishane na baiskeli ipate nafasi. Iwekwe sahihi na mashahidi na mwenyekiti wa kijiji. Ikiwa ni ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki yake, mume au mke naye aridhie, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Uganda hairuhusu mmoja aitoe ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenziwe. Na manispaa yenyewe ikitaka kukata kipande cha kiwanja cha mtu ili ipitishe njia, ibara ya 26 ya Katiba inadai fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijatwaliwa. Mwananchi asikubali ahadi ya mdomo kwamba atalipwa bajeti ijayo.

Aliyezungukwa na viwanja vya wenzake pande zote, asiwe na pa kutokea, hakuachwa bila msaada. Ipo sheria nchini Uganda ihusuyo njia za kuingilia barabarani, ambayo humwezesha mwenye ardhi wa aina hiyo kuomba idhini ya kupitisha njia katika ardhi ya jirani, iwapo mazungumzo yameshindikana. Wachache sana waijuao.

Polisi tuna nafasi gani katika haya yote? Ibara ya 212 ya Katiba inatupa kazi ya kulinda maisha na mali, kudumisha amani, kuzuia na kupeleleza uhalifu, na kushirikiana na mamlaka za kiraia na wananchi kwa jumla. Haitupi kazi ya kuamua nani mwenye ardhi. Askari hawezi kuvunja ukuta kwa sababu ameoneshwa njia, wala kumfukuza mtu kwenye kiwanja bila amri ya mahakama. Kinyume chake, anayeamka usiku akabomoa ukuta wa jirani, hata kama njia ilikuwa halali, ametenda kosa la kuharibu mali. Anayeng'oa jiwe la mpima ardhi naye ametenda kosa. Na tunakiri kwamba wenzetu nao wamewahi kukosea. Katika kituo kimoja cha mpakani, mama mchuuzi wa samaki alizuiliwa tangu asubuhi kwa sababu mwenye kiwanja alidai amevamiwa. Mama huyo hakuvunja kitu wala kumtukana mtu. Alipita palepale alipopita miaka yote, na hakuwa amepewa onyo lolote. Uvamizi wa kijinai hauwi uvamizi bila nia ovu. Aliachiwa jioni bila shitaka, samaki wake wakiwa wamekwisha kuharibika, na hakuna aliyemfidia. Tangu siku ile hatuoni aibu kumwambia mlalamikaji mwenye fedha kwamba shauri lake ni la kamati ya mipango au mahakama ya baraza la kijiji.

Kuhusu mahali pa kuweka njia mpya, ushauri wetu kwa kamati ni wa watu wanaotembea usiku kwa kazi. Njia ipite mbele ya milango ya watu, si nyuma ya maghala. Mwandishi Jane Jacobs aliandika mwaka 1961 juu ya miji ya Marekani kwamba mtaa hulindwa kwanza na macho ya wakaao humo, kisha ndipo na polisi. Nasi hatuna sababu ya kumpinga. Njia iwe na matokeo zaidi ya moja, ili anayefuatwa apate pa kukimbilia. Taa moja kwenye kona hufaa kuliko tatu katikati ya njia iliyonyooka. Vigingi viwekwe mwanzoni ili bodaboda wasiigeuze kuwa barabara yao, huku kiti cha magurudumu kikiweza kupita. Uganda ina sera ya usafiri usiotumia injini tangu mwaka 2012, na Kampala imekwisha kutenga sehemu ya Namirembe Road na Luwum Street kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Mji mdogo unaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo zaidi, mradi uanze kabla viwanja havijaisha.

Njia inayoelekea mpakani ina sharti la ziada. Ni lazima iishie langoni, kwenye kipito halali cha watembea kwa miguu, wala si kwenye ua wa mtu ulioungana na nchi nyingine. Tunajua kwa nini watu hupenda njia za panya: ni fupi. Tunajua pia kwamba mchuuzi mdogo huogopa forodha kuliko inavyostahili, ilhali utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu bidhaa zilizo katika orodha, zisizozidi thamani ya dola 2,000, zipite kwa cheti chepesi kinachotolewa palepale mpakani. Kamati ikiweka njia iliyo fupi, kavu na yenye mwanga hadi langoni, itatupunguzia doria kuliko uzio wowote.

Neno kwa ndugu zetu wa upande wa pili wanaonunua viwanja huku, na wa huku wanaonunua kule. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, haikufungua umiliki wa ardhi. Ililiacha jambo hilo kwa sheria za kila nchi. Nchini Uganda asiye raia hupata ukodishaji tu, usiozidi miaka 99, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema vivyo hivyo kwa asiye Mkenya. Dalali akikuuzia “milele” upande usio wako, amekuuzia maneno. Na kabla ya kulipa, uliza ofisi ya mipango kiwanja kimepangiwa tumizi gani, kisha ukitembelee asubuhi na mapema. Ukiona watoto wa shule wanapita katikati yake, unanunua na mgogoro.

Anayeleta kwetu shauri la njia aje na nakala ya hati au makubaliano, asilete ya asili. Jina la kijiji na la mwenyekiti wake. Na picha ya mahali penyewe kama anayo. Tutampeleka kwa afisa wa mipango wa manispaa, na pakiwapo vitisho au ugomvi tutafungua jalada siku hiyohiyo. Asiyejua kusoma na kuandika asione haya: askari wa zamu atayaandika maelezo yake, atamsomea, naye atatia dole gumba. Huduma hiyo hailipiwi.